Kwa mafundi wapya mnaoanza kupata kazi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Karakana yangu hapa Mwanga, Kigoma, imegeuka kituo cha kuagana. Huyu ana kazi ya friji Uvira, Congo, yule anakwenda kufunga sola Rumonge, Burundi, na nikiuliza mmekubaliana nini, nawekewa sauti ya WhatsApp: "Wewe njoo tu fundi, tutaelewana." Wadogo zangu, kwa maneno hayo kuna watu wameuza pikipiki. Nimechoka kumwambia mmoja mmoja, kwa hiyo leo nasema mara moja.

1. Hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, na ulizia kibali cha kazi mapema, maana muhuri wa mgeni si ruhusa ya kufanya kazi. Sitarudia.

2. Vifaa. Pampu ya vakumu, geji, drili, mashine ya kuchomea: viorodheshe pamoja na namba zake, upite forodha kabla ya kupanda boti, karatasi igongwe muhuri. Ukivuka kimyakimya, ng'ambo unaonekana umeingiza bidhaa za kuuza, na ukirudi unaonekana umenunua vipya Congo. Kijana mmoja alisimama bandari ya Kibirizi, hapa Kigoma, mchana kutwa akieleza kwamba drili ile ni ya marehemu baba yake. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia kitu. Na mtungi wa gesi usiufiche kwenye begi la nguo. Nahodha mwenye akili atakushusha, na mimi nitampongeza.

3. Bei, na hapa mkae vizuri.

Mfanyabiashara wa dagaa akishakabidhi magunia na kulipwa, shughuli imekwisha. Sisi tunauza siku zetu. Jenereta ya mteja ikichelewa, upepo wa kusi ukizuia boti ya vipuri, ufunguo wa stoo ukiwa kwa mtu aliyekwenda Moba msibani, wewe unakula, unalala gesti, na nyumbani karakana imefungwa. Hayo yote lazima yawe na bei, na bei iandikwe.

Mimi sikuiandika. Mwaka 2024 nilikwenda Kalemie, Congo, kufunga chumba cha baridi cha kampuni ya samaki. Nikajiona nimefika: fundi wa kimataifa! Tulikubaliana nusu ya fedha mbele, na nusu "samaki wakianza kuingia chumbani". Nilikubali haraka kwa sababu nilijua kazi yangu, na kwa sababu Tanganyika haijawahi kuishiwa migebuka nikiwa macho. Nilichosahau, nami nimezaliwa pwani ya ziwa hilihili, ni kalenda. Tarehe zilikuwa zimetangazwa wazi, kwamba uvuvi unasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nilizisikia redioni huku nikipakia vifaa, nikaona ni habari za wavuvi.

Jenereta ikachelewa, kisha kontakta, ile swichi ya kuwashia mashine, iliyokuja ikawa siyo. Tulipowasha, ziwa limeshafungwa. Chumba kilishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri na kikakaa hapohapo bila kuyumba. Ndani kulikuwa na kreti mbili za soda za meneja na ndoo ya nyanya za mke wa mlinzi, ambazo ziliganda zikawa mawe na tukalaumiwa sisi. Kila asubuhi nilikwenda kusoma kipimajoto kama daktari wa mgonjwa aliyepona, halafu naulizia fedha zangu. Meneja alinijibu kwa adabu kabisa: fundi, samaki wameingia? Alikuwa sahihi. Maneno ni yangu, nimeyakubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Nauli ya kurudi Kigoma alinikopesha mwanafunzi wangu niliyekwenda naye kumfundisha kazi, na mpaka leo akitaka siku ya mapumziko ananiangalia tu usoni, nami natoa ruhusa.

Salio lilikuja baadaye, likiwa limekatwa asilimia 14. Nikapiga simu nikafoka kuhusu wizi. Mhasibu akanitumia picha ya kifungu cha sheria: Congo hukata kodi hiyo kwenye malipo ya huduma kwa mtu wa nje asiye na ofisi kwao. Nilipaswa kuliuliza kabla ya kutaja bei, na kudai cheti cha makato siku ileile. Bila cheti, ukifika TRA kueleza kwamba kodi imeshakatwa unaongea na hewa. Wanaokwenda Mpulungu wana nafuu kidogo, kwa sababu Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, lakini nao waulize.

Kwa hiyo salio lifungwe kwenye kazi yenyewe: mashine imewaka, imekaa saa 48 kwenye nyuzi mlizokubaliana, mteja ametia sahihi, analipa. Samaki ni wake. Siku za kusubiri zisizosababishwa na wewe zina posho yake, kwa maandishi.

4. Kalemie mtapiga Kiswahili mpaka mcheke, ila mkataba utakuja kwa Kifaransa. Mlipe mtu akusomee kabla ya kalamu.

5. Si lazima uvuke. Mkataba wa huduma wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa mwaka 1995 unahesabu njia nne za kuuza huduma nje: huduma ivuke yenyewe, mteja akufuate, ufungue ofisi kwao, au uende wewe. Vijana mnaijua ya nne tu, ambayo ndiyo ghali kuliko zote kwa mtu wa karakana moja. Boti ya Burundi ikitia nanga Kibirizi na injini mbovu, umeshauza nje bila kulowa. Na yule wa mji wa Baraka, Congo, anayekupigia video usiku umwelekeze kusafisha kondensa ya friji, mtoze! Mnaona aibu, eti ni maongezi. Anayekesha ni nani?

6. Dola zikague palepale mezani, moja moja. Iliyochanika pembeni au iliyochorwa kalamu irudishe kabla hujanyanyuka, maana ng'ambo hakuna atakayeipokea, hata yule aliyekupa.