Kurusha vipindi vya kuandika mubashara kwa bando dogo: jibu kwa mwalimu wa Arua

SWALI

Ndugu Mtaalamu, salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiandika hadithi fupi kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mazoea hayo yalikatika miaka 3 iliyopita, na kila nilipojaribu kuyarudia yalidumu siku chache tu. Mwenzangu akanishauri nirushe vipindi vyangu vya kuandika mubashara, ili kuwepo kwa watu wanaonisubiri kunifanye niketi mezani. Nimejaribu mara 3 kwa kompyuta mpakato na OBS Studio, programu ya kurushia matangazo, nikirusha kupitia YouTube. Mara ya kwanza, saa 1 ilimeza zaidi ya gigabaiti 1 ya bando. Mara ya pili umeme ulikatika, ruta ikazima na matangazo yakafungwa. Mara ya tatu mitambo yote ilikwenda sawa na watazamaji 9 wakaingia, lakini sikuandika hata aya 1 ya maana, kwa kuwa kila sentensi niliifuta kabla haijafika kwenye nukta. Kiwango cha biti, yaani wingi wa data inayotumwa kila sekunde, nilikiacha 2,500 kwa picha na 160 kwa sauti, na nilionyesha skrini nzima. Nirekebishe nini, na je, njia hii inafaa kweli kwa mtu anayetaka kurudisha mazoea?

JIBU

Mwalimu, nashukuru kwamba umetaja vipimo ulivyotumia, maana vinanionyesha palipoharibika. Nitaanza na jaribio lako la tatu, lile ambalo mitambo haikuwa na kosa, kwa sababu ndilo lenye tatizo kubwa kuliko yote. Bando na umeme vina dawa zake. Sentensi inayofutwa kabla ya kumalizika haitaponywa na ruta mpya.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha katika jarida la Science makala iliyoeleza kwamba kuwepo kwa watu wengine humwongezea mtu msisimko, na msisimko huo husaidia kazi aliyokwisha kuizoea lakini huivuruga kazi ambayo bado ni ngeni au ngumu kwake. Mpiga ngoma aliyekomaa hupiga vizuri zaidi uwanja unapojaa watu, ilhali anayejifunza mdundo mpya hukosea zaidi mbele ya umati huohuo kuliko akiwa peke yake. Kuandika, Mwalimu, kuna kazi mbili ndani yake. Kuna kuketi, kufungua daftari na kubaki hapo hadi muda uishe, jambo unalolijua tangu zamani na linalohitaji kusukumwa tu. Halafu kuna kutunga, ambako kila sentensi ni jambo ambalo halijapata kuwepo. Uliporusha skrini nzima uliwaalika watu 9 waikague kazi ya pili, wakati uliyohitaji msaada wao ni ya kwanza. Nakushauri basi uwaache wakuone umeketi, na wasiweze kusoma unachokiandika.

Kwa vitendo, ondoa skrini katika matangazo. Weka kamera pembeni ya meza, ielekezwe kwenye mikono yako na kibodi, au kwenye daftari ikiwa unaandika kwa kalamu, kwa pembe ambayo mwandiko hausomeki. Katika kona ya picha ongeza saa inayohesabu dakika zilizobaki, pamoja na maandishi mafupi yanayosema kipindi cha leo ni cha ngapi. Hayo yanamtosha mtazamaji, ambaye mara nyingi naye ameketi mahali fulani na kazi yake mwenyewe na anachotaka ni mwenzi wa kimya. Mimi hufanya kazi ya kurusha arusi, mazishi na mikutano, na nimewahi kuwaandalia waandishi kadhaa meza za namna hii jijini Kampala. Waliodumu ni wale ambao maneno yao hayakuonekana.

Uamuzi huo unatatua pia tatizo la bando, na hapa ndipo hesabu inapopendeza. Kiwango cha biti ni idadi ya kilobiti zinazoondoka kwenye kompyuta yako kila sekunde. Ulirusha 2,500 za picha na 160 za sauti, jumla 2,660. Gawa kwa 8 upate kilobaiti, zidisha kwa sekunde 3,600, na utaona kwamba saa 1 inakula karibu gigabaiti 1.2. Hakuna aliyekuibia bando. Lakini picha ya mikono juu ya meza haibadiliki sana, na haina herufi ndogo zinazohitaji ukali, kwa hiyo punguza ukubwa wa picha hadi 640 kwa 360, fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, ziwe 15 kwa sekunde badala ya 30, kiwango cha biti cha picha kiwe 400, na cha sauti 64. Jumla ni kilobiti 464 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 210 kwa saa. Ukirusha dakika 45 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, utatumia gigabaiti 3.5 hivi. Katika nchi ambayo tangu Julai 2021 bando hubeba ushuru wa asilimia 12, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwalimu ataendelea hadi mwezi wa pili.

Vipo vipimo viwili vingine vya kuangalia katika OBS Studio. Udhibiti wa biti uwe wa kiwango kisichobadilika, na umbali kati ya fremu kuu, zile zinazobeba picha nzima, uwe sekunde 2, kama YouTube wenyewe wanavyopendekeza. Usipime kasi ya kushusha, ambayo ndiyo watu hujivunia, pima kasi ya kupandisha, na uipime saa ileile utakayokuwa unaandika. Ukipata megabiti 1 kwa sekunde isiyoyumba, unayo zaidi ya maradufu ya unachohitaji, na akiba hiyo ni ya lazima kwa sababu mtandao wa simu hupanda na kushuka kama pumzi. Picha ikianza kugandaganda, soma maelezo yaliyo chini ya dirisha la programu kabla ya kulaumu mtandao. Zikiongezeka fremu zilizodondoka, yaani zilizoshindwa kutumwa, njia ya intaneti ndiyo iliyozidiwa. Lakini kama fremu hazidondoki na matumizi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, yamepanda, ni kompyuta iliyochoka, na dawa yake ni kufunga programu nyingine au kupunguza fremu hadi 10.

Kuhusu umeme, kompyuta mpakato ina betri yake, kwa hiyo mnyonge katika mnyororo wako ni ruta. Unaweza kuinunulia betri ndogo ya ziada, ukihakikisha volti zake zinalingana na zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta, kwa maana nyingi hutumia volti 12 na nyingine 9, na kukosea hapo ni kuiunguza. Njia nafuu zaidi ni kurusha kupitia hotspoti ya simu iliyounganishwa na betri ya mkononi, kwa kuwa kilobiti 464 si mzigo kwa simu ya kawaida. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalijui. Katika OBS Studio washa chaguo la kujiunganisha upya, na katika ukumbi wa kudhibiti matangazo wa YouTube zima chaguo la kufunga matangazo yenyewe. Chaguo hilo likiwa limewashwa, kompyuta ikikatika YouTube huchukulia kwamba umemaliza. Likizimwa, tangazo hubaki wazi likikusubiri, na ukirudi unaendelea palepale na watazamaji walewale. Nadhani hivyo ndivyo jaribio lako la pili lilivyokufa.

Hata hivyo, naomba uweke sharti moja na ulishike kwa moyo wote: matangazo yakikatika, kipindi hakijakatika. Saa ya mezani inaendelea kuhesabu na wewe unaendelea kuandika hadi dakika ziishe. Mwandishi anayesimama ili atengeneze mtandao anazoea kutengeneza mtandao, na nimemwona mtu mwenye kipaji akipoteza miezi kadhaa akibadilisha taa, kamera na vinasa sauti huku muswada wake ukibaki ukurasa uleule.

Endelea kurusha kwa kompyuta badala ya simu. YouTube hudai chaneli iwe na wafuatiliaji wasiopungua 50 ndipo iruhusu kurusha kwa programu yao ya simu, ilhali kwa kompyuta sharti hilo halipo, na uthibitisho wa namba ya simu umekwisha kuufanya. Facebook nakushauri uiache. Ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, na kuifikia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, huongeza mzunguko mrefu katika njia ambayo tunataka iwe fupi.

Kuna sababu nyingine ya kuficha maandishi, nayo inahusu haki yako. Majarida na mashindano mengi ya hadithi hupokea kazi ambayo haijachapishwa popote, na rasimu iliyoonekana neno kwa neno mbele ya umma inaweza kukuletea swali usilolitaka siku ya kuiwasilisha. Weka tangazo katika hali ya kutoorodheshwa, ili lifikiwe na wenye kiungo tu, na kumbuka kwamba YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12, hivyo ukimaliza ifanye rekodi iwe ya faragha au uifute. Ikitokea siku ukataka kuonyesha ukurasa, tuseme wakati wa kufundisha wanafunzi namna ya kuhariri, chagua kunasa dirisha moja tu la programu ya kuandikia na kamwe usinase skrini nzima. Ujumbe wa fedha za simu ukijitokeza pembeni, kila mtu atausoma. Siku hiyo ongeza ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720 na kiwango cha biti hadi 800, uache fremu 10, na herufi ziwe za pointi 28 au zaidi, kwa sababu wengi watatazama kwenye simu.

Kinasa sauti kizime kabisa unapoandika. Redio ya jirani inayopiga wimbo wenye hakimiliki inatosha kuiletea rekodi yako pingamizi. Gumzo la watazamaji nalo lifungwe muda wote wa kuandika, kisha lifunguliwe dakika 10 za mwisho. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda kilichoanzishwa miaka ya 1990, kimejulikana kwa kikao chake cha Jumatatu jijini Kampala ambapo waandishi husomeana kazi na kukosoana, na naona hekima katika kuutengea ukosoaji siku yake, mbali na meza ya kutungia. Katika dakika hizo 10 sema umeandika maneno mangapi na kesho utaanzia wapi. Usisome ulichoandika.

Je, njia inafaa? Kwa kuketi, naamini inafaa, mradi isibebeshwe zaidi ya hapo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, uliowafuatilia watu 96, ulionyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 hivi ili tendo jipya lijiendeshe lenyewe, huku wengine wakihitaji siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Katika utafiti huo tendo lilifungwa kwenye jambo ambalo tayari lipo kila siku. Funga lako kwenye kikombe cha chai ya alfajiri: chai ikishamiminwa, kamera inawashwa. Saa 11 alfajiri ina faida nyingine, kwa kuwa wakati huo watumiaji wa mtandao ni wachache kuliko saa 2 usiku. Mazoea yakishakolea, rusha mara 2 kwa wiki na siku zilizobaki uandike bila kamera, uone kama unaketi mwenyewe. Nasema haya nikijali, maana tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, watoto wetu wanahitaji hadithi za Kiswahili zinazoijua Arua.

Kabla ya kumwalika mtu yeyote, rusha siku 3 ukiwa peke yako katika hali ya faragha, kwa vipimo nilivyokupa. Kila alfajiri andika kwenye daftari kasi ya kupandisha, asilimia ya fremu zilizodondoka na bando lililotumika, kisha uniletee tarakimu hizo pamoja na aina ya prosesa ya kompyuta yako. Fremu zinazodondoka zikizidi asilimia 1, tutashusha kiwango cha biti hadi 300 kabla ya kugusa kitu kingine.