Mzee ana saratani ya tezi dume: ale nini, aache nini?

Ndugu uliyeuliza, pole kwa mzee. Umesema ameanza sindano za homoni, na kila jamaa anakuja na shauri lake: huyu ataka aache nyama kabisa, yule amchemshia majani ya mstafeli, mwingine kaleta chupa ya vitamini E kutoka Mombasa. Mimi niko hapa Lamu, mtaa wa Langoni, naumwa maradhi hayo hayo na sindano hizo nazijua.

Hiyo chupa irudisheni. Huko Marekani na Kanada walifuatilia wanaume wazima zaidi ya 35,000 wakitarajia vitamini E na madini ya seleni yatawakinga. Matokeo ya 2011 yakaja kinyume: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge vitupu. Mstafeli nao haujathibitishwa kutibu saratani ya binadamu, na kule Guadeloupe watafiti wameuhusisha na maradhi ya neva yanayofanana na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Kipande cha tunda mara moja moja, sina neno. Majani kila asubuhi, hapana.

Mboga ale, ila msimwahidi muujiza. Utafiti uliotoka 2020 uliwachukua wanaume 478 ambao saratani yao ilikuwa bado changa. Waliohimizwa kula mboga kwa wingi walizila kweli, lakini kwa miaka miwili saratani haikupunguza mwendo. (Jirani yangu muuza dawa za mitishamba alininunia nilipomsomea hili.)

Kazi ya chakula iko kwenye mwili wenyewe. Sindano zinashusha homoni ya kiume: misuli inanyong'onyea, mafuta yanajaa, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Mimi niliyaona kwenye kikoi; fungo likawa halishiki, linateremka chini ya kitambi. Na wengi wenye saratani hii ikiwa changa huondoka kwa moyo, si kwa saratani. Uzito pia: unene unaongeza hatari ya saratani hii kufika hatua mbaya.

Basi kwetu jikoni hatujaacha nazi, nani ataishi Lamu bila nazi? Mke wangu anapika mbaazi kwa tui la pili, lile jepesi. Tui zito linangoja wageni. Nguru anachomwa au anatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na ukwaju, hakaangwi. Nyanya zikiiva na mafuta kidogo, mwili unapata zaidi laikopini yake, ile rangi nyekundu ya nyanya, kuliko zikiwa mbichi; kinga haijathibitika, lakini mchuzi ni mtamu. Mahamri ni ya Ijumaa. Nyama ya ng'ombe kidogo, sio marufuku. Dagaa tunawala na miba yao kwa ajili ya mifupa. Maziwa ya chai hayana shida. Vidonge vya kalsiamu asijinunulie, aandikiwe na daktari.

Na atembee. Mimi maji yakitoka nashika ufuo mpaka Shela, jioni nanyanyua madumu ya maji, kwa sababu kutembea peke yake hakurudishi misuli.

Kliniki ijayo nenda naye. Ulizia sukari, mafuta ya damu na kipimo cha uzito wa mifupa, na kila kichupa anachomeza kitie mfukoni daktari akione. Nawe ukikaribia miaka 40, mwulize habari ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume, maana mwenye baba aliyeugua hatari yake ni kama maradufu.