Uliza Mwalimu: Shahada anayo, kazi hapati

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana shahada ya uhandisi, lakini kila anakoomba kazi anaambiwa hana ujuzi unaotakiwa. Waajiri nao wanalalamika kwamba watu wa kuajiri hawapatikani. Je, dawa ni kupunguza nadharia na kuongeza masomo ya ufundi? – Mzazi

JIBU: Marahaba, mzazi mwenzangu. Nadharia tuiache palepale. Nimefundisha ufundi umeme kwa muda mrefu, na fundi asiyejua kwa nini waya unapata moto hukwama siku mtambo unapobadilishwa. Mimi nauliza mengine: kijana anajifunzia wapi, na nani anampima? Mitaala mingi ikishapitishwa hukaa miaka bila kuguswa, huku viwandani mambo yakiendelea kubadilika. Hakuna karakana ya chuo itakayomudu kununua kila mtambo mpya.

Ujerumani, kwa sheria yao ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1969, mwanagenzi huingia mkataba na kampuni na kulipwa. Kwa kawaida yuko kazini siku 3 au 4 za wiki, zinazobaki yuko darasani. Fani zinazotambuliwa ni zaidi ya 300. Ninachokipenda zaidi ni kamati zao za mitihani: humo wamo wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu. Mwajiri aliyeshiriki kumpima kijana hawezi kukidharau cheti chake.

Ugumu upo. Kampuni zisipokubali kupokea wanagenzi, mfumo wote unalala, hata serikali ijenge vyuo kila mkoa. Ndiyo maana mazungumzo na waajiri yatangulie majengo. Wazazi nao huogopa kwamba anayekwenda ufundi ameagana na chuo kikuu. Uswisi, tangu miaka ya 1990, ina cheti kinachomwezesha mwanagenzi kuendelea hadi vyuo vikuu vya sayansi tumizi.

Binti yako asikimbilie shahada ya pili. Atafute mafunzo kazini, na kabla ya kuanza aombe orodha ya kazi atakazofundishwa iwekwe kwenye maandishi, pamoja na jina la msimamizi wake. Kupanga mafaili miezi mitatu si mafunzo, na inaniuma kuona vyuo vinapeleka vijana huko bila kuwafuatilia. Aulize pia ni nani atakayempima mwishoni, na kwa kazi ipi.