Maneno ya Ulaya yanayofanana: pima sauti kwanza, maana baadaye

Anayejua Kiingereza akianza Kijerumani hupata mteremko: Haus ni house, Hand ni hand. Kisha anakutana na Gift. Kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Mjerumani ni sumu. Wengi huamua kwamba hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati tu, na hapo ndipo wanapopotea. Neno ni lilelile, limetokana na kitenzi cha kutoa. Kijerumani bado kina Mitgift, yaani mali anayopewa binti anapoolewa. Maana ya sumu iliingia kwa tafsida: kipimo cha dawa “kilichotolewa”. Kwa hiyo kila ukiona maneno yanafanana, jiulize maswali mawili tofauti: je, asili ni moja? Je, maana ni moja? Jibu la swali moja halikupi jibu la jingine.

Kwenye asili, usiamini macho. Mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alionyesha mwaka 1822 kwamba sauti hubadilika kwa utaratibu. Palipo na p ya Kilatini, Kiingereza kina f: pater na father, piscis na fish. Palipo na c (inayotamkwa k) kuna h: cornu na horn, centum na hundred. Sasa chukua haben ya Kijerumani na habere ya Kilatini. Zote zina maana ya kuwa na kitu, na kwa sura utasema ni pacha. Si ndugu. Kwa kanuni hiyo, h ya haben inadai c upande wa Kilatini, na kweli nduguye ni capere, kushika.

Kanuni hizi hushika maneno ya kurithi tu. Ya kukopa huingia baadaye na sauti zake, ndiyo maana Kiingereza kina father na paternal kwa pamoja. Kabla ya kutangaza undugu, tafuta angalau jozi tatu zinazofuata badiliko lilelile, na uzitafute kwenye viungo vya mwili, namba na jamaa. Istilahi za kisomi karibu zote ni za kukopa.

Kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, t huwa z au ss (ten, zehn, water, Wasser), p huwa pf au ff (apple, Apfel, ship, Schiff), d huwa t (door, Tür). Ila t iliyotanguliwa na s haiguswi: stone ni Stein.

Kwenye maana hakuna kanuni, ni kujifunza neno ndani ya sentensi. Rente ya Kijerumani ni pensheni, si kodi ya nyumba (rent). Bekommen ni kupata, si become. Librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu, na embarazada ya Kihispania ni mjamzito. La kuchunga zaidi ni eventuell, hasa kwa wauguzi wanaokwenda Ujerumani: daktari akilitumia kuhusu upasuaji anasema “huenda”, hasemi “hatimaye”.

Ukikwama, fungua kamusi za tovuti ya DWDS kwa Kijerumani au ya CNRTL kwa Kifaransa. Zote ni bure mtandaoni. Alama ya nyota mbele ya neno inaonyesha umbo lililokisiwa na wanaisimu, halikuonekana katika maandishi. Linganisha maumbo ya kale kabisa, si ya leo. Much ya Kiingereza ilikuwa micel, mucho ya Kihispania ilikuwa multus. Ukirudi nyuma kiasi hicho, kufanana kwote kunayeyuka.