Darasa la Kujiandaa Kujifungua: Nilikosea Mara ya Kwanza

Mimba yangu ya kwanza ilipofikisha miezi saba, nilijiandikisha katika darasa la kujiandaa kujifungua hapa Kirumba, Mwanza, kwa sababu moja tu: ningeweza kwenda kwa miguu. Katika vipindi viwili tulioneshwa mafuta ya kupaka tumboni na mikanda ya kubana tumbo baada ya kujifungua, kila kitu na bei yake. Mama mmoja alipouliza afanye nini chupa ya uzazi ikipasuka usiku kabla ya uchungu kuanza, alijibiwa kwamba kila mwanamke ana mwili wake. Sikurudi tena. Swali lile lilikuwa na jibu la wazi: aende hospitali hata kama hasikii maumivu, na akiona maji yana rangi ya kijani au kahawia, asisubiri kupambazuke.

Darasa la pili nilielekezwa na muuguzi wa kliniki. Lilikuwa Buhongwa, na nauli ilinichosha, lakini mkufunzi alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha kwa miaka mingi, na hicho ndicho kigezo ninachokiweka mbele ya vingine vyote. Alichukua soksi na chungwa, akalisukuma chungwa polepole hadi shingo ya soksi ikatanuka na kulipitisha, akatueleza kwamba hivyo ndivyo mlango wa kizazi unavyofunguka hadi sentimita 10. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hukatazwa kusukuma kabla ya wakati, jambo ambalo nilikuwa nikilichukulia kuwa ukali wa manesi tu.

Kigezo changu cha pili ni darasa kumpokea mtu atakayekuwa nawe. Mama mkwe wangu alivuka kwa kivuko cha Kamanga akitokea Sengerema, na ndani ya kikapu alikuwa na mizizi ya kuharakisha uchungu. Nilikuwa sijui nimwambieje. Mkunga alimwamkia kwa heshima, akaishika ile mizizi, akasema, "Mama, dawa hii haina kipimo. Uchungu ukizidi nguvu, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka na mtoto akakosa hewa." Mama mkwe aliifunga tena kwenye kitambaa bila kinyongo, kisha akafundishwa kunikanda kiuno kwa kiganja, chini kabisa ya mgongo. Neno lilelile lingetoka kinywani mwangu, nadhani tungenuniana hadi mtoto aote meno.

Ada isikutishe wala isikuvutie. Mafunzo ya asubuhi kliniki, yale ambayo wengi wetu huyasikiliza tukisinzia kwenye mabenchi, hutaja bila malipo dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza. Darasa lisilogusa hayo, hata likiwa na viti vya kuegemea na juisi baridi, mimi nisingelilipia.

Jambo moja mkunga wetu hakuligusa, nami sikuuliza, ni utaratibu wa wodi nitakayojifungulia. Usiku wa kujifungua, mama mkwe alizuiwa mlangoni kwa sababu vitanda havikuwa na mapazia, na mikono yake iliyofundishwa Buhongwa ikabaki nje imeshika chupa ya chai. Kwa hiyo, ukishachagua darasa, nenda hospitali yako mapema ukaulize kama msindikizaji anaruhusiwa kuingia, na kama haruhusiwi, mwombe mkufunzi akufundishe namna ya kujikanda mwenyewe ukiwa umeegemea ukuta.