Waulize Wajuzi: Taka za ufuoni ni mimi na wewe?

SWALI: Asalaam aleikum. Kila tukimaliza kusafisha ufuo huambiwa, "Uchafu huu ni mimi na wewe, kila mtu aanze kwake." Mimi chupa nazitenga na zinanunuliwa, ila vipakiti vya sabuni havina anayevitaka. Kosa ni langu? – Mama wa nyumba, Langoni, Lamu

JAWABU: Waalaikum salaam, dada. Kwa vipakiti, hapana. Kile kipakiti ni tabaka kadhaa za plastiki zilizogandishwa pamoja, baadhi vina utando wa alumini katikati. Kila tabaka huyeyuka kwa joto lake, na kuzibandua ni ghali kuliko mali inayopatikana. Utavitenga mpaka uchoke, mnunuzi atakurudishia.

Utaambiwa, "Lakini si wewe unayenunua?" Anayelipwa kwa siku hununua sabuni ya siku. Duka lingempimia kwa kikombe, kama anavyopimiwa mafuta ya kupikia, hapo tungesema amechagua.

Wimbo huo wa "mimi na wewe" una wenyewe. Huko Marekani shirika la Keep America Beautiful lilianzishwa mwaka 1953, na kampuni za vinywaji na vifungashio zikiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2004 BP, wauza mafuta, waliwapa watu kikokotoo cha kupimia kaboni, hewa inayopasha dunia joto, itokayo nyumbani kwao. Hesabu yenyewe si uongo. Tazama tu ni nani aliyeachwa nje yake.

Hapa kwetu majuala, mifuko ya plastiki, tuliyahubiriwa miaka na miaka. Kilichoyapunguza ni marufuku ya Agosti 2017, iliyomgusa mtengenezaji na muuzaji pia. Na kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa Lamu, leseni yake ya mazingira ilifutwa tarehe 26 Juni 2019 na mahakama maalumu ya mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtaa mzima wa Mkomani ungezima balbu ngapi kufikia hapo?

Basi wajibu unao, ila uupeleke panapoamuliwa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Leseni kama hiyo ikishatolewa, rufaa ina siku 60. Wengi hukwama hapo: siku huishia kwenye vikao, na pingamizi husemwa kwa mdomo tu barazani. Andika, tia tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Chupa endelea nazo. Zisuuze, na usichanganye na plastiki ya mabomba: kidogo tu kikiingia kwenye joto la kuyeyushia chupa hutoa asidi na kuharibu mzigo.

SWALI: Mwanangu huchoma nyaya apate shaba ya kuuza. Nikimkanya hunijibu moshi wake ni tone baharini mbele ya viwanda. – Mzazi, Maweni, Malindi

JAWABU: Kwa kaboni, ana hoja. Kwa nyaya, hana. Ganda la waya mara nyingi ni PVC, ile plastiki ya mabomba, yenye klorini; likiungua kwa moto wa jalalani hutoa gesi ya asidi na dioksini, sumu kali. Hivyo haviendi kuchanganyika na moshi wa dunia. Kwanza vyaingia kifuani mwake, kisha vyatua uani, kuku wakadonoa, mkala mayai. Apasue ganda kwa kisu, akikata kuelekea mbali na mkono. Shaba inayong'aa hulipiwa zaidi ya iliyoungua. Nyuzi nyembamba azipeleke kwa mnunuzi na maganda yake.