Re: Maumivu ya kiuno hadi kwenye unyayo, nilale tu wiki nzima?

Mkuu, usilale wiki nzima. Misuli inalegea na maumivu yanakaa zaidi. Lala kifudifudi mkekani, viwiko chini ya mabega, dakika 2. Kisha nyoosha mikono uinue kifua, nyonga zibaki chini, mara 10, kila baada ya saa 2 au 3. Wengi wanakosea hapo: wanakaza makalio na kuinua nyonga, kiuno hakijipindi. Maumivu yakipanda kutoka unyayoni kuelekea kiunoni, endelea, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo. Yakizidi kushuka mguuni, acha, umwone mtaalamu wa fiziotherapia. (Kukaa kwenye foleni ya Mbagala saa mbili nako kunachochea.) Mkojo ukigoma au kujitokea, ganzi sehemu za siri, au mguu ukiburuzika, nenda MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili, Dar, leo leo, usingoje kesho.